Pemba na Dokta wa mzio: karafuu, piko na plasta mgongoni

Nimeandika haya nikiwa nimesharudi Unguja, kutoka kwenye daftari langu (liliroa mvua, tutafika huko) na picha za simu. Wengi mliona status zangu mkauliza nimekwenda Pemba kufanya nini na boksi la plasta. Kifupi ni kwamba kuna daktari wa ngozi kutoka bara, kasomea Moshi pale hospitali ya KCMC kwenye kile kituo cha mafunzo ya ngozi kilichoanza 1992, anatafiti mzio (aleji) pamoja na yale maradhi ambayo kinga ya mwili wenyewe ndiyo inayoshambulia ngozi. Kabla utafiti haujaanza alitaka aje aone mazingira, watu wanashika nini, wanapaka nini, na zile plasta za kupimia mzio zinakaa mgongoni kwa joto la Pemba au zinabanduka. Mie nilichukuliwa kwa sababu mama yangu mtu wa Wete na Kipemba kinanipanda. Majina ya watu siweki, wengine walitufunulia ngozi zao.

Jumapili usiku, bandarini Malindi, Unguja

Boti tuliambiwa inaondoka saa nne, tukafika saa mbili na nusu na mizigo yetu, ikaondoka inakaribia saa saba na hakuna aliyetwambia kwa nini. Msimu wa karafuu huu, boti imejaa wachumaji wanaotoka Unguja na magunia, magodoro, mwengine kabeba na seredani. Mama mmoja alikuwa kashajitandikia jamvi chini, katuona tumesimama na maboksi akawasogeza wanawe akasema "njooni mkae wanangu, mtasimama mpaka lini," akatukatia na mkate wa kumimina. Tulipopita Nungwi bahari ikachafuka, nusu ya watu wakatapika, hapo sina la kuhadithia.

Kwa mtakaokuja: mkaazi chukua kitambulisho chako cha Uzanzibari maana nauli ya mgeni ni nyengine kabisa. Msimu wa karafuu tiketi kata siku kadhaa kabla. Na sweta lazima, kile kiyoyozi cha ndani usiku kinatesa kuliko mawimbi.

Jumatatu, Mkoani mpaka Chake

Tukashuka Mkoani asubuhi, tukanywa uji wa pilipili manga na vitumbua pale nje ya bandari, kisha gari ya Chake, elfu mbili kila mtu, na maboksi tukalipia kiti chake. Kutoka Mkoani harufu ya karafuu inakufuata njia nzima, zimeanikwa uwanjani, barazani, pembezoni mwa lami, ukiwa na haraka dereva hana pa kuovateki.

Ndani ya gari ndiyo nikaanza kumjua Dokta. Mzee aliyekaa mbele yetu kasikia tunazungumza mambo ya mzio akageuka, "mie Dokta nikila kamba naumuka midomo." Mie nilidhani atamuuliza kamba wa aina gani, wamepikwaje. Kauliza kimoja tu: baada ya muda gani? Mzee akasema hata mikono hajamaliza kunawa. Dokta akaandika, akamuuliza na vumbi la godoro likoje kwake, na mende je, gari zima likacheka. Lakini anayo sababu. Kamba na kaa wana protini moja kwenye misuli inaitwa tropomayosini, na mende anayo, na wale wadudu wa vumbi wasioonekana kwa jicho wanaokaa kwenye godoro na mito nao wanayo, zinafanana sana, kwa hio mwili ulioizoea moja kama adui unaweza ukaifananisha na nyengine. Akamwambia mzee siku ukiumuka tena na koo likabana au pumzi ikawa nzito, usingoje maji ya ndimu wala usilale kwanza, ni spitali muda ule ule na dawa yake ni sindano ya adrenalini. Mzee akashuka Mtambile, kalazimisha kutulipia maji.

Chake tukapata nyumba ya wageni, elfu arobaini na chai ya asubuhi. Jioni plasta zikabandikwa. Kwa wasiojua, kipimo hiki ni cha mzio wa kugusa, si ule wa kuchomwa choma mkononi ukasoma majibu baada ya dakika 15. Hiki unabandikwa vikombe vidogo vidogo mgongoni, kila kimoja na kitu chake ndani, vinakaa saa 48, vinabanduliwa, wanasoma, halafu wanasoma tena siku ya nne. Muda wote huo mgongo hauoshi, jasho usitoke sana, na usinyanyue vizito. Sasa mwambie hivyo mchumaji wa karafuu! Ndiyo maana safari hii vikombe vilikuwa vitupu, hakuna dawa wala kemikali, kinachotazamwa ni plasta yenyewe. Tukabandikwa mie, dereva wetu, na wauguzi kadhaa waliojitolea, kila mmoja kachorewa pembe za plasta kwa kalamu ili ikisogea ionekane.

Jumanne, Wawi na Vitongoji

Asubuhi kwa sheha kwanza. Jamani hili msiliruke, hata ukiwa na barua za wizara zote, usipopita kwa sheha hakuna mlango utakaofunguka, na ukipita unapewa mtu wa kukutembeza na yeye ndiye kazi yako yote. Jengine kwa watafiti wa bara: afya si jambo la Muungano, kibali ulichopata Dar hakikusaidii huku, unaomba Zanzibar kupitia ZAHRI, taasisi ya utafiti wa afya ya Zanzibar. Kibali cha Dokta kiko njiani, ndiyo maana hakupima mgonjwa wala hakuchukua tone la damu.

Pale Wawi tukapita nje ya Maabara ya Afya ya Jamii, ile ya Ivo de Carneri, ipo tangu 2000, Wapemba wengi wameijua kwa mambo ya minyoo na kichocho. Dokta akasimamisha gari kuitizama tu. Akatusimulia kwamba mwaka huo huo wa 2000 ulitoka utafiti wa Gabon, watoto wa skuli wenye kichocho walionekana kuwa na majibu madogo ya ngozi kwa wadudu wa vumbi kuliko wasio nacho, kwa sababu mdudu yule ili akae mwilini anaituliza kinga, na kinga ikitulizwa haina papara hata kwa vumbi. Dereva akaruka, "kwa hio Dokta tuwaachie watoto kichocho!" Akajibiwa pale pale kwamba kichocho kinaharibu kibofu mpaka saratani, hakuna wa kumuachia mwanawe kitu hicho. Ila suali linabaki: hapa minyoo na kichocho vimepigwa dawa miaka na miaka, watoto wanakua na kinga isiyo na kazi ile ya zamani, je pumu na pumu ya ngozi vitaongezeka? Hilo ndilo moja analotaka kuliangalia, na Pemba ni pahala pake hasa.

Vitongoji tulikuta kina mama wanachambua karafuu, wanatenga punje na makonyo, vidole vyeusi. Wawili walikuwa na mikono iliyopasuka baina ya vidole, inawasha usiku. Mafuta ya karafuu sehemu yake kubwa ni eujenoli, ile ile inayokufisha ganzi kwa daktari wa meno, na wapo watu kinga yao inaikataa, na kwa sababu imo kwenye manukato na sabuni nyingi basi mtu akishaikataa anaisumbukia mpaka kwenye sabuni ya kufulia. Lakini Dokta hakusema "ni karafuu." Akarudi kwenye suali lake: lini? Msimu ukisha mikono inapona? Bibi mmoja akasema inapona, msimu ukirudi siku ya kwanza hamna kitu, ya pili au ya tatu ndiyo inaanza. Huyu Dokta kamtia nyota daftarini. Wa pili akasema yake haiponi mwaka mzima, na yeye anafua nguo za watu kwa sabuni ya unga kila siku, kwa hio hata asipokuwa na mzio na chochote ngozi ingechubuka tu.

Hapo wingu likaja. Mwenye kijiji chake anajua, karafuu ikiroa imekufa bei, basi ule mkutano wetu wa kisomi ukavunjika, kila mtu anaanua, watoto wanavuta majamvi, Dokta na koti lake jeupe kajaza karafuu kwenye beseni, mie nimeshika pembe ya turubai na daftari kwapani. Tukaziokoa zote. Daftari halikuokoka, kurasa za Wawi nimezisoma kwa kubahatisha. Kwa malipo tukapewa mihogo ya nazi na dagaa, na shelisheli la kuchoma la kubeba.

Jioni mgongo umeanza kuniwasha. Nikaambiwa nisikune.

Jumatano, Wete

Barabara ya Wete nzuri, gari ya kukodi elfu themanini kwa siku bila mafuta, tulipatana. Tukafikia kwa mama yangu mdogo ambaye kwake huwezi kuanza kazi hujala.

Jirani kaletwa na mwanawe wa miaka mitatu hivi, viwiko na nyuma ya magoti pameota magamba, pumu ya ngozi ya wazi. Mama wa watu kashamkatia mtoto samaki, mayai, maziwa, dengu, anakula wali na mchicha kwa kuambiwa na majirani. Dokta akamuuliza ukimpa yai anaota vipele lini? Mama kafikiri sana, akasema hata hakumbuki kumuona akiota, kaambiwa tu. Akaelezwa kwamba kwa wengi ugonjwa huu unaanzia kwenye ngozi kutoshika maji, inapwaya, vumbi na vijidudu vinapenya na kinga inaamka, kwa hio kazi ya kwanza ni mafuta mazito kila siku, hasa mara tu baada ya kuoga mwili ukiwa bado una unyevu, na chakula usimkatie mtoto bila ya sababu maana atadhoofu bure. Kisha mama akatoa kwenye mkoba kikopo cha krimu ya dukani, haina karatasi, haina maandishi ya kueleweka, "hii ikipakwa inapoa siku mbili tu." Dokta alikinusa akakirudisha taratibu. Yaani hizi krimu! Nyingi zina steroidi kali ndani (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), mtoto anapoa haraka, ukiacha inarudi kwa hasira, ngozi inakuwa nyembamba, na ikiwa kumbe ni fangasi ndiyo unaifuga. Steroidi yenyewe si adui, ni dawa nzuri ukipewa ya kiasi chake na mtu anayejua. Maoni yangu mie, wanaouza vikopo visivyo na jina wangekuwa wanaulizwa.

Alasiri plasta zikabanduliwa. Ya dereva ilishakwenda zake, kaegemea kiti siku mbili, jasho, ikajikunja mpaka kiunoni. Za wauguzi tulitumiwa picha kutoka Chake, moja imeachia pembe. Yangu imeshika kila pembe lakini chini yake pamekuwa pekundu mraba mzima, mie moyo mbio, nikajua nina mzio. Dokta akasema kaa kwanza. Wanangoja kama nusu saa ndiyo wanasoma, kwa sababu wekundu wa kubanduliwa gundi unapotea, wa mzio unabaki na unaweza ukazidi siku zinazofuata. Wangu ukapotea huku nakula halua.

(Halua ya Wete nunueni ikiwa bado ya moto, na msiinunue bandarini.)

Usiku kwa mama mdogo samaki wa kupaka, changu mzima. Hapo ndipo Dokta alipotoa hadithi iliyomfanya mama mdogo aache kula. Ujerumani mwaka 1921 walikuwepo madaktari wawili, Prausnitz na Küstner. Küstner akila samaki wa kupikwa anaota mwili mzima. Wakachukua maji ya damu ya Küstner, Prausnitz akajidunga mwenyewe kwenye ngozi, kesho yake akajidunga maji ya samaki pahala pale pale, pakavimba pale pale, na yeye samaki anamla vizuri tu. Yaani kilichomo kwenye damu kinahamishika. Ni kitu gani hakikujulikana mpaka miaka ya 1966 na 1967, Ishizaka na mkewe kule Marekani, na kundi jengine Uswidi, walipoikamata kingamwili (protini ya kinga iliyomo kwenye damu) inayoitwa IgE. Siku hizi hakuna anayefanya mchezo ule kwa sababu damu inahamisha na maradhi. Mama mdogo akasema "na huyo wa mwanzo, samaki kaacha?" Dokta hakuwa na jibu, ilikuwa mara ya kwanza namuona hana.

Alhamisi, Konde na Tumbe

Kufika Konde mapema, Tumbe kabla soko la samaki halijapoa. Wanawake wa mwani walikuwa wanarudi ufukweni, miguu na mikono imekauka chumvi, wanasema inawachoma na macho pia, Dokta akaandika ukurasa mzima.

Sokoni yupo mama anakaanga samaki, mikono yake ina mbalanga, vidole vyote vyeupe na kuzunguka mdomo. Kaweka meza mbali na wenzake, hakuwekwa, kaenda mwenyewe baada ya wateja kupungua. Wanasema ni mtu aliyekula samaki kwa maziwa, wengine wanaogopa inaambukiza. Tukanunua vibua na ndizi, Dokta akala kwa mkono pale pale mezani huku anaongea kwa sauti ya kusikika na meza za pili: haiambukizi, si ya chakula, ni kinga ya mwili wako inaziua chembe zinazotoa rangi, na zipo tiba, krimu maalumu na mwanga wa tiba, ingawa vidoleni ndiko kugumu zaidi na ni miezi. Kamuuliza ilianza lini na wapi. Ilianza pale mafuta yalipomrukia. Dokta akaitikia, kwamba kwa wenye mbalanga jeraha huwa linaita doa jipya. Wakati tunaondoka walikuja watu wawili kununua, sisemi ni kwa sababu yetu, muda wa chakula ulikuwa umefika.

Mchana Konde kwenye harusi. Hapa ndipo safari ilipolipa. Bi harusi wa Jumapili anachorwa, hina nyekundu miguuni na piko mikononi, maua mazuri mno, na pembeni kakaa shoga yake aliyechorwa wiki iliyopita kwa harusi nyengine, mikono kaifunika kwa kanga. Alipoifunua tukanyamaza. Malengelenge yamefuata ua kwa ua, jani kwa jani, mchoro mzima umesimama kwa maji. Kaambiwa ni kijicho. Mama yake anasema ni kamba za karamu. Lini? Karamu Jumamosi, piko Ijumaa, malengelenge Jumatatu. Dokta akamwambia mama, kamba wangemuotesha pale pale ukumbini, na wasingefuata mchoro.

Piko ile ni rangi ya nywele. Kinachoipa weusi ni parafenilenidiamini, wenyewe wanaita PPD, na hina ya majani peke yake haitoi weusi ule hata uilaze usiku kucha. Ulaya hairuhusiwi kupakwa kwenye ngozi, na kwenye rangi ya nywele mwisho wake ni asilimia 2 inapofika kichwani. Kinga ikishaijua haiisahau, kwa hio yule dada asipake tena piko wala rangi nyeusi ya nywele maisha yake, na akienda kutiwa ganzi amwambie daktari, kwa sababu zipo dawa za ganzi za jamii hio hio. Na yeye miaka ya nyuma alikuwa akichorwa bila tatizo, hilo ndilo linalowapoteza watu, mzio wa kugusa unajengeka kimya kimya halafu siku moja unatoka.

Mchoraji, bi mkubwa mwenye heshima zake, alikasirika mwanzo. "Mie nachora tokea hamjazaliwa." Dokta hakubishana, kamuomba amfundishe anavyokoroga. Wakakaa saa nzima. Kumbe anachanganya na maji ya oksijini ya saluni ili ishike haraka, na mwenyewe ana glavu kwa sababu vidole vilimuota zamani, akaacha kushika kwa mkono! Tukatizamana. Bi harusi kwa mikono akabadilishiwa hina nyekundu, shangazi mmoja akanuna, mama yake akakubali. Watoto wawili waliokuwa kwenye foleni ya piko wakarudishwa nje. Kwa watoto hapo sina mjadala, msiwapake.

Ijumaa na Jumamosi

Ijumaa ni sala, pilau, na kusomwa mgongo mara ya pili, mweupe pee. Uamuzi wa Dokta: plasta zitashika zikiongezwa utepe mpana juu, mtu achaguliwe nje ya msimu wa kuchuma, na madereva wasibandikwe kabisa.

Jumamosi boti ya mchana, bahari imetulia, nililala mpaka Malindi. Kama mnakwenda na vifaa vya utafiti andikeni orodha yake na muwe na barua mkononi, bandarini tulifunguliwa kila boksi, kwa adabu lakini kwa muda.

Jana bi mkubwa wa Konde kanitumia picha ya pakiti anayonunulia ile rangi. Upande wa mbele tu, mwanamke mwenye nywele nyeusi anacheka. Nikamtumia Dokta, akajibu anataka upande wa nyuma wenye maandishi madogo. Nimemuomba bi mkubwa, kasema pakiti kashaitupa, akifungua nyengine kwa harusi ya wiki ijayo ataipiga. Nikamuuliza kwani bado unachora kwa piko? Tiki mbili za buluu, kimya.